Ukanda wa mkoba: Kagua ncha, usihadaiwe na sura

Wengi wetu tunaponunua mkoba huanza kwa kuufungua. Tunahesabu mifuko yake, tunavuta zipu mara mbili tatu, tunapapasa kitambaa cha ndani, kisha tunalipa na kwenda zetu. Ukanda, ambao ndio utakaobeba kila kitu, hatuukagui hata kidogo.

Matokeo yake unayajua, msomaji. Ukanda hukatika siku ambayo mkoba umejaa zaidi, nayo huwa ndiyo siku yenye haja kubwa. Mwanafunzi anateremka kwenye matatu akiwa na vitabu na kompyuta ndogo ya kubebea, ukanda unaachia ghafla, na kompyuta iliyonunuliwa kwa akiba ya mzazi inagonga lami. Mkoba wenyewe ungali mpya. Kilichomponza ni kipande cha ngozi kisichofika hata mita moja na nusu.

Leo basi tuuzungumzie ukanda wa ngozi: jinsi ya kuuchagua dukani, au jinsi ya kumwagiza fundi akutengenezee mmoja uutie katika mkoba ulio nao. Ukisahau mengine yote nitakayosema, shika hili moja: ukanda hukatika katikati kwa nadra sana. Aghalabu hukatikia nchani, pale ngozi inapokutana na chuma au uzi. Kwa hivyo anza ukaguzi wako nchani, urembo uje baadaye.

Lakini kabla ya ncha, hakikisha kwamba ulichoshika ni ngozi. Usiutazame uso wake, kwa maana uso hupakwa rangi na kupigwa chapa mpaka plastiki ikafanana na ngozi ya ng'ombe. Tazama ukingo uliokatwa. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizosukana kama mizizi ya nyasi, tangu juu hadi chini. Kitu cha bandia huonyesha matabaka: utando wa plastiki juu, kitambaa chini.

Kuna cha tatu ambacho huwapotosha hata wajuzi. Hicho ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi, yakatandazwa kama karatasi, kisha yakapakwa rangi. Muuzaji anaweza kuapa kwamba ni ngozi na asiwe amesema uongo. Ila nguvu ya ngozi imo katika zile nyuzi zilizosukana, na zikisha kusagwa, nguvu imekwisha. Ukunje ukanda huo kwa vidole. Ngozi njema hufanya mikunjo midogo, nayo hutoweka ukiiachilia. Ya mabaki huanza kupasuka ufa baada ya miezi michache, hasa pale inapopinda kila siku.

Hata ngozi halisi haifanani yote. Ngozi ya mgongo wa ng'ombe ni nzito, imeshikamana na haivutiki ovyo. Ya tumbo ni laini na hunyooka. Ukanda uliokatwa tumboni utakuwa mrefu zaidi mwishoni mwa muhula kuliko ulivyokuwa mwanzoni. Uushike kwa mikono miwili uuvute kwa nguvu: ukiona umerefuka waziwazi, au upande mmoja umevutika kuliko mwingine, urudishe. Kwa mkoba wa vitabu, unene wa milimita tatu hadi nne unafaa.

Wasomaji wengine huuliza kuhusu dawa iliyotumiwa kuitengeneza ngozi. Njia kuu ni mbili. Ya kale hutumia maji ya maganda ya miti, kama muwati unaopandwa katika nyanda zetu za juu. Kazi hiyo huchukua majuma mengi, na ngozi yake hutoka ngumu, ya rangi ya kahawia mpaka ndani. Ya pili hutumia chumvi za kromiamu. Hiyo huenda haraka, na ngozi yake huwa laini na hustahimili maji zaidi, ingawa huvutika kidogo. Ukingo wake usiopakwa rangi mara nyingi una weupe wa kijivu au wa buluu. Zote mbili zinafaa kwa mkoba, lakini kwa ukanda wa kubeba mzigo kila siku, mafundi wengi huipenda ile ya maganda kwa sababu haivutiki sana.

Sasa tuje nchani, penye kiini cha maneno yetu.

Kwanza tazama jinsi ngozi ilivyozungushwa kwenye pete. Mwisho wake uwe umekunjwa na kurudi nyuma angalau upana wa vidole vitatu kabla ya kushonwa. Ukikunjwa kidogo tu ili kubana ngozi, mshono wote hukaa ukingoni, na hapo ndipo utakapong'oka.

Pili, chunguza mshono. Fundi ashonaye kwa mkono hutumia sindano mbili katika uzi mmoja, moja kila upande, zikipishana katika tundu lile lile. Uzi ukilika mahali pamoja, ule wa upande wa pili hubaki umeshika. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili zilizonaswa pamoja katikati, na mmoja ukikatika, mishono ya jirani huanza kulegea. Sisemi kwamba mshono wa cherehani haufai. Nasema uwe na mistari miwili, na uwe umerudiwa mwishoni. Vilevile jihadhari na mishono iliyosongamana mno. Wengi hudhani kwamba hiyo ni dalili ya uimara, kumbe matundu mengi yaliyokaribiana huifanya ngozi ichanike kama stempu za posta.

Tatu, angalia matundu. Mpasuko wowote huanzia kwenye kona. Tundu la mviringo halina kona, kwa hivyo halina pa kuanzia kuraruka. Ukiona mahali palipochanwa kwa kisu tu, bila kutobolewa kitundu cha mviringo kila mwisho wa mchano, ujue kwamba hapo pana ajali inayosubiri siku yake.

Nne, ribiti. Moja peke yake huiacha ngozi izunguke na kutanua tundu. Ziwe mbili, na ziwe na kichwa kipana pande zote. Pitisha kidole juu yake: ikiwa inakukwaruza wewe, itaikata na ngozi pia, polepole.

Tano, chuma chenyewe. Tafuta mahali ambapo pete inaungana. Pete iliyopindwa tu bila kuchomelewa hufunguka taratibu kwa uzito, na siku moja ukanda huponyoka ukiwa mzima. Ukiambiwa kwamba bizimu ni ya shaba, ijaribu kwa sumaku. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba na kitashika kutu. Isiponasa, bado si hakika kwamba ni shaba, kwa sababu zipo madini nyingine nyepesi zisizonaswa na sumaku, nazo huvunjika upesi. Pima uzito wake mkononi.

Baada ya ncha, fikiria bega. Ukanda wa sentimita mbili na ule wa sentimita nne hubeba mzigo ule ule, lakini ule mpana huugawa mara mbili juu ya mwili. Kama mwanao hurudi nyumbani na mstari mwekundu begani, ukanda wake ni mwembamba mno, au mzigo umezidi. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mtoto asibebe zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya uzito wake. Mwenye kilo 40, basi, asipitishe kilo nne. Hata ukanda bora hauwezi kuyarekebisha mazoea ya kubeba vitabu vya masomo yote kila siku.

Mfano mzuri wa jambo hili umo kwa wawindaji wa nchi ambako uwindaji unaruhusiwa. Kwetu Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977. Bunduki ya kuwindia huwa na uzito wa kilo tatu hadi nne hivi, sawa na mkoba wa mwanafunzi, na mwindaji huitundika begani kutwa nzima akipanda na kushuka milima. Ukanda wa bunduki hiyo mara nyingi huwa mwembamba penye vyuma, inchi moja au moja na robo, kisha hupanuka pale unapokalia bega, na chini yake hushonewa ngozi yenye vinyweleo vifupi ili usiteleze. Umbo hilo linafaa sana kwa mkoba. Mwambie fundi akukatie hivyo hivyo: mwembamba nchani, mpana begani.

Urefu usiukadirie kwa macho. Chukua kamba, ipitishe kutoka pete moja ya mkoba, juu ya bega, mpaka pete ya pili, mkoba ukiwa umetulia usawa wa nyonga. Mkoba unaoning'inia chini ya hapo hugonga paja kila hatua, na kila kugonga ni mvuto mpya kwenye ncha zile zile tulizozitaja. Ongeza kipande cha kukunjia, kisha mpelekee fundi kamba hiyo.

Fundi naye utampata wapi? Jijini Nairobi, wengi huenda soko la Kariokor, lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918. Huko ndiko vyondo hutiwa kanda na viatu vya ngozi hushonwa mbele ya macho ya mnunuzi. Uzuri wa kuagiza ni kwamba utaiona ngozi kabla haijapakwa rangi, na unaweza kuomba kijipande cha kukagua. Hata fundi wa viatu aliye kando ya njia mtaani kwenu, akiwa mwenye mkono mzuri, ataibadilisha ncha iliyochoka kabla haijakuletea hasara.

Kwa mwenye mfuko mwepesi, kuna njia nyingine. Pekua marundo ya mitumba utafute mshipi wa zamani wa kiume, mnene, wa kipande kimoja cha ngozi. Mshipi uliovaliwa miaka mingi bila kupasuka umekwisha kujipima wenyewe. Kama ni mfupi, miwili huunganishwa kwa bizimu katikati, na hapo utapata hata nafasi ya kuurefusha na kuufupisha.

Ukisha kuupata, utunze. Wahenga walisema ngozi ivute i maji. Wao walikuwa wakitufunza kumlea mtoto angali mdogo, lakini kwa fundi maneno hayo ni ya kweli kabisa: ngozi iliyolowa huvutika. Ukinyeshewa, utoe mzigo mkobani, uupanguse ukanda kwa kitambaa, kisha uuanike kivulini. Usiuweke karibu na jiko wala juani, kwa sababu utakauka na kupasuka. Kila baada ya miezi michache upake nta ya nyuki au mafuta ya ngozi, kidogo tu. Yakizidi huulegeza. Mafuta ya kupikia usitumie, huoza na kunuka. Walio Mombasa na pwani kwa jumla wasiufungie katika mfuko wa plastiki, utaota ukungu.

Jioni ya leo, wakati watoto wanapotayarisha vitabu vya Jumatatu, uchukue mkoba wa kila mmoja uupindue. Tazama ncha mbili za ukanda kwa dakika moja. Ukiona uzi umelika, tundu limetanuka au pete imeanza kufunguka, mkoba huo usitoke nyumbani na mzigo mpaka fundi ameushika.