Mwenye Silaha Asiwe Mwepesi wa Kuudhika

Hapana mwanadamu asiyepata kuudhi wala kuudhiwa. Lakini hasira ya mwenye bunduki yaweza kumaliza uhai wa mtu. Kwa hiyo twawakumbusha ndugu zetu askari na polisi mafundisho ya Kikristo.

Katika Injili ya Luka, sura ya 3, askari walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi, bali aliwakataza kudhulumu na kusingizia watu. Naye aliyeudhiwa, Mathayo sura ya 18 yamwagiza amwendee mkosaji kwanza faraghani.

Kusamehe si kunyamazia uovu. Mwezi Februari 1977 maaskofu wa Uganda walimwandikia Idi Amin mwenyewe kulalamikia maovu ya askari wake. Mwezi huo huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Mwenzake, Festo Kivengere, alikimbilia uhamishoni, na mwaka huo huo akatoa kitabu cha kutangaza kwamba amemsamehe Amin.

Basi, tukitukanwa kwenye kizuizi cha barabarani, tustahimili. Tukikosa sisi, tuombe radhi bila kujali cheo. Silaha tumepewa tuwalinde wananchi, wala si kulipizia matusi.