Gari Lisiloelewana na Dereva Wake

Wapo wanaolilaani gari la kompyuta kana kwamba ni jini aliyeingia nyumbani bila hodi. Hoja yao ni dhaifu. Breki zinazozuia magurudumu yasigande penye utelezi, ambazo kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilizileta sokoni mwaka 1978, zimeokoa roho ambazo hakuna hirizi ingeziokoa. Anayeujua mteremko wa Senjele, wilayani Mbozi, ambako malori yaliyoshindwa breki yameua watu mara nyingi, hawezi kuidharau akili yoyote inayomsaidia dereva kusimama.

Hatari iko kwingine. Barabara hiyohiyo ya kwenda Tunduma hupitisha magari yaliyotumika Japani, yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam. Mengine hubaki nchini, mengine huvuka Nakonde kuelekea Zambia na Kongo. Baadhi yao husema. Dereva akiwasha injini, sauti ya kike humwamkia kwa Kijapani, na kioo humwandikia maonyo kwa herufi asizozijua. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mgeni huyu hupiga yowe la moto, na mwenyeji hudhani anaimba.

Ndipo taa ya hitilafu inapozimwa, hitilafu yenyewe ikabaki. Fundi asitwikwe lawama yote. Alizoea kuusoma ugonjwa wa injini kwa sikio na vidole. Sasa ugonjwa umefungiwa ndani ya programu, na ufunguo umebaki kiwandani. Wala kufuli hilo halimlindi mwenye gari. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, waliiondolea Jeep nguvu barabarani kwa jaribio, wao wakiwa mbali nayo. Mwaka huohuo Volkswagen ilikiri kwamba programu za magari yake zilidanganya vipimo vya moshi. Siri ya kiwanda, basi, si amana. Yaweza kuwa maficho.

Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya mahakama, kwani ni dhuluma mtu kuhukumiwa kwa maneno asiyoyaelewa. Dereva wa Senjele naye yumo hukumuni, na hukumu yake haina rufaa. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo kazi yake ni ubora wa bidhaa ziingiazo, lidai mambo mawili kwa magari yanayobaki nchini: onyo lisomeke kwa Kiswahili, na fundi apewe ufunguo wa kulifuatilia. Mwenye kununua ana haki ya kuelezwa alichokinunua.