Pemba yao, Pemba yetu

Juzi usiku nilikuwa natafuta habari za gesi ya Pemba kwenye intaneti, nikaletewa habari za maiti. Kumbe ni Pemba ile nyingine, makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Jina moja, bahari moja, na ukifika Palma utakuta watu wanaongea Kiswahili.

Kule gesi nyingi iligunduliwa kuanzia 2010, vijana wakaambiwa neema inakuja. Oktoba 2017 vijana wenye silaha, wenyeji wanawaita mashababi, wakavamia Mocímboa da Praia. Machi 2021 ikafuata Palma, jirani kabisa na mradi wa gesi wa dola bilioni 20, na Total wakasimamisha kazi kwa miaka. Dini ilitumika, sikatai. Lakini mwaka huohuo wa 2017 wachimbaji wadogo wa rubi walifurushwa Montepuez, na kijana aliyefurushwa hahitaji mahubiri marefu.

Na sisi je? Oktoba 2018 SMZ ilisaini mkataba na RAK Gas kuhusu kitalu cha Pemba-Zanzibar. Halijatoka pipa hata moja, na huenda lisitoke kabisa. Ila ugomvi tumeshaula miaka mingi, tangu Shell walipokwama kwa sababu Zanzibar na Muungano hawakuelewana mafuta ni ya nani.

Wakubwa wakisikia "vijana wenye silaha" wanatazama kusini, ng'ambo ya Ruvuma. Mimi natazama nyumbani. 2005 mitaa ilikuwa na "janjawidi". 2015 na 2016 tukawa na "mazombi", watu waliofunika nyuso, wana silaha, wanapiga raia. Hao hawakutoka Msumbiji. Wangapi walipandishwa kizimbani?

Kuna wanaosema dawa ni pesa, kama Nigeria. Kweli, 2009 Rais Yar'Adua alitoa msamaha kule Niger Delta, na aliyesalimisha bunduki akawa analipwa naira 65,000 kwa mwezi. Mafuta yakaanza kutiririka tena. Sasa jiulize, ndugu msomaji: yule kijana aliyebaki na nyavu zake kwenye maji yaliyochafuliwa, asiyeshika bunduki, alilipwa nini? Somo alilipata. Na 2016 wakatokea Niger Delta Avengers, wakalipua mabomba ya mafuta.

Kwa hiyo mimi ningeanza na huyu ambaye hajashika chochote. Mkataba usomwe kwa Kiswahili Wete, Micheweni, Chake na Mkoani, mgawo wa Mpemba utajwe kwa tarakimu, na waliofunika nyuso wafunuliwe mahakamani. Yote haya kabla ya kisima cha kwanza.

Naambiwa nakuza mambo, Wapemba ni watu wa amani. Ni kweli. Lakini Januari 2001 waliuawa watu zaidi ya 30 hapa Visiwani, na zaidi ya 2,000 wakapanda mashua kukimbilia Shimoni, Kenya. Na wakati ule tulikuwa tunagombea kura tu.