Maloti si Milima ya Julai Tu

Juni ikiingia, Johannesburg huanza kuzungumzia Afriski, kituo cha kuteleza kwenye theluji kilichomo bondeni katika milima ya Maloti, Lesotho, mwendo wa saa tano hivi kwa gari. Agosti ikiisha, habari hizo nazo huisha. Kwa wengi, wakiwamo wenzetu wa Afrika Mashariki waliohamia Sauzi, bonde lile lina kazi ya miezi mitatu, na hata miezi hiyo huitilia shaka: theluji yenyewe ya mashine, mteremko mmoja, bei za juu. Anayetaka theluji ya kweli, wanasema, adundulize aende Uswisi. Na anayetaka likizo Desemba ashuke zake Durban.

Maneno haya yana msingi. Mteremko mkuu hauzidi kilometa moja, na aliyezoea Alpi ataumaliza kabla mapafu hayajazoea hewa ya meta 3,000 na ushei. Barabara ya Moteng, ukishaipita Butha-Buthe, ina kona kali, na asubuhi za baridi huwa na barafu. Theluji ya mawinguni nayo haina ahadi, kwa kuwa ukanda huu hupata mvua zake majira ya joto. Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni hitimisho lake.

Kwanza, hiyo theluji ya mashine. Ukavu uleule unaoinyima milima theluji ya mawinguni ndio unaozisaidia mashine. Usiku maji husukumwa kwa nguvu na kurushwa hewani kama manyunyu. Sehemu yake hugeuka mvuke, na kwa kufanya hivyo huyapokonya joto matone yaliyobaki, yakaganda kabla ya kufika chini. Hewa ikiwa kavu, kazi hii huwezekana hata pale baridi isipokuwa kali sana. Kunapokucha unaona utepe mweupe umelazwa kati ya majani makavu ya kahawia. Haupendezi kama picha za kalenda, lakini unateleza. Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Beijing, mwaka 2022, iliendeshwa karibu yote juu ya theluji ya namna hii, na sijasikia aliyerudisha medali. Kuhusu ufupi wa mteremko, anayejifunza atashinda siku nzima akianguka kwenye meta mia za mwanzo. Kilometa kumi za nini?

Pili, na hapa ndipo penye kosa kubwa, ni kudhani kwamba bonde lina thamani kwa sababu ya theluji. Tazama wenyewe wanavyoitumia milima yao. Wachungaji wa Kisotho hupandisha kondoo, mbuzi na ng'ombe kwenye malisho ya juu majira ya joto, wakakaa huko katika vibanda vya mawe, blanketi begani na buti za mpira miguuni. Baridi ikikaribia, huteremka na mifugo yao. Yaani wanaoijua milima hii kuliko sisi sote hupanda tunapoikimbia, na hushuka tunapoifuata. Wao hufuata majani, na majani hufuata mvua. Miezi hiyo vijito hujaa, na kuna njia za kutembea, za kukimbia na za baiskeli, pamoja na samaki wa kuvua. Durban ikitokota kwa jasho la Januari, kule juu jioni unatafuta sweta.

Tatu, ushahidi mwingine kwamba thamani ya milima hii si theluji unatoka kwenye bomba la jikoni kwako Johannesburg. Kwa mkataba wa Lesotho na Afrika Kusini wa mwaka 1986, uliozaa bwawa la Katse lenye ukuta wa meta 185, maji ya Lesotho yalianza kuletwa Gauteng, jimbo la Johannesburg, mwaka 1998. Hupita katika mahandaki chini ya milima, yakaibukia Mto Ash karibu na Clarens, mji ulio njiani kuelekea mpaka wa Caledonspoort, kisha huteremkia bwawa la Vaal. Kwa kuwa mtiririko huo huongozwa na mahitaji ya jiji, si mvua ya wiki hii, Mto Ash huwa na maji hata Agosti, mito jirani ikiwa imekonda, na watu huushuka kwa maboti ya mpira majira ya baridi na ya joto. Handaki likifungwa kwa matengenezo, kama lilivyofungwa Oktoba 2024 kwa miezi sita, hapo ni habari nyingine.

Ni kweli kwamba majira ya joto yana hatari yake: radi za alasiri, ambazo mlimani si za kufanyia mzaha. Anza safari alfajiri, uwe umeshuka kutoka mgongoni mwa mlima kabla ya saa saba. Nikiulizwa mwezi, nitachagua mwisho wa Machi: radi zimepungua, majani bado mabichi, na maua ya kosmosi yamejaa kando ya barabara za Free State. Pasipoti usiisahau, maana unavuka mpaka, ingawa randi zako zitapokelewa kama kawaida.