Tunahesabu Kiasi, Tunasahau Asili

Pale Irente, mwendo mfupi kutoka mjini Lushoto, mlima unakatika ghafla. Ukisimama juu ya mwamba unaiona tambarare ya Mazinde chini yako, imetandazwa kama mkeka. Niliwahi kusimama hapo na wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, kila mmoja na daftari lake. Niliwapa zoezi jepesi: elezeni kwa aya moja kwa nini udongo wa miteremko ya Lushoto unamomonyoka. Baada ya nusu saa nikakusanya majibu, na kilichotofautiana kilikuwa ni mwandiko tu. Wote waliandika kwamba watu wamekuwa wengi kupita uwezo wa ardhi. Mmoja akaongeza pendekezo: wahamishwe.

Sikuwalaumu. Jibu lile nilikuwa nimewafundisha mimi.

Somo la jiografia ya binadamu huanza na maneno machache ambayo kila mwanafunzi huyakariri: idadi ya watu, msongamano, makazi, uhamaji, matumizi ya ardhi, rasilimali. Tunayatolea fasili, wanaandika, wanafanya mtihani, wanafaulu. Tunayafundisha kana kwamba ni majina ya mawe, yasiyo na mwenyewe wala historia. Nadai leo kwamba maneno hayo, jinsi tunavyoyafundisha, yanamfanya mkulima wa Usambara aonekane mkosaji katika kesi ambayo mashahidi muhimu hawajaitwa.

Tuanze na msongamano. Fasili yake ni idadi ya watu kugawanywa kwa eneo la ardhi. Ni sehemu, kama zile tulizofundishwa shule ya msingi: namba ya juu huitwa kiasi, namba ya chini huitwa asili. Sensa ya mwaka 2022 ilitupa Watanzania 61,741,120. Ukiwagawanya kwa eneo lote la nchi, maziwa yakiwemo, unapata watu kama 65 kwa kila kilometa ya mraba. Ukiondoa maji ukabakiza nchi kavu, unapata kama 70. Hakuna mtoto aliyezaliwa kati ya hesabu ya kwanza na ya pili. Kilichobadilika ni asili.

Sasa rudi nami Irente. Tazama chini: sehemu kubwa ya tambarare ile imekuwa ya mashamba ya mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta Afrika Mashariki mwaka 1893 kwa ajili ya kampuni ya Kijerumani. Geuka utazame kaskazini ya mji: ni msitu wa Magamba, sehemu ya misitu ya Usambara ambayo ilianza kutengwa na serikali ya Wajerumani. Katikati yalipasuliwa mashamba ya walowezi na viwanja vya misheni, na mji wenyewe ukapewa jina la Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme ambaye Wasambaa hawakupata kumwona. Waliobaki katikati ya mkonge na msitu ndio tunaowapima leo, kisha tunashangaa kuwa wamesongamana. Mtu akiwafungia wageni wake wote katika chumba kimoja cha nyumba yenye vyumba sita, je, tutasema kosa la wageni ni wingi wao?

Ufungaji huo ulikuwa na sheria yake. Mwaka 1895 serikali ya Wajerumani ilitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Aliyeamua kwamba ardhi haina mwenyewe ni yule yule aliyeitaka. Na hapa ndipo neno makazi linapoingia. Kwa jicho la mgeni, makazi ni pale penye nyumba. Pasipo na nyumba ni patupu. Kwa Msambaa haikuwa hivyo. Lugha yake hutenganisha shambaai, nchi ya mlimani yenye mvua na migomba, na nyika, nchi ya chini yenye joto na ukame. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyetafiti Usambara kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba vijiji vingi vikubwa vya zamani vilijengwa karibu na ukingo wa mlima kwa sababu maalumu: mkulima alale mlimani, lakini aweze kuteremka kulima nyikani. Mlima ukikosa, nyika huenda ikatoa; nyika ikikauka, mlima upo. Nyika haikuwa na nyumba, lakini ilikuwa na wenyewe. Ilikuwa ghala lao la akiba. Ilipogeuzwa kuwa shamba la mkonge, Wasambaa walipoteza nusu ya mfumo wao wa kilimo, na hilo halionekani katika fasili yoyote ya makazi tunayoandika ubaoni.

Uhamaji nao tunaufundisha kwa maneno mawili, sukumo na mvuto, kana kwamba tunazungumzia upepo. Vijana wa milimani walishuka mashambani, tunasema, kwa kuvutiwa na ujira. Hatusemi kwamba kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu. Hatusemi kwamba huko Usambara Magharibi Wajerumani walianzisha mfumo wa kadi za kazi, uliomlazimu mwanamume kuonyesha kwamba amemfanyia kazi mlowezi. Mtu anayesukumwa na askari naye huingia katika jedwali letu chini ya kichwa cha maneno "sababu za kiuchumi".

Hatimaye tunafika kwenye dhana inayopendwa kuliko zote: uwezo wa ardhi kubeba watu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Waingereza iliitazama miteremko hii ikatoa hukumu ile ile ya wanafunzi wangu. Ikaanzisha mpango wa kuhifadhi udongo, ukianzia Mlalo na baadaye kuenezwa kwingine milimani. Watu waliamriwa kulima kwa matuta, wakakatazwa kulima miteremko mikali, na waliokaidi walitozwa faini. Kazi ya matuta iliwaangukia zaidi wanawake, kwa kuwa ndio waliolima chakula. Misitu iliyotengwa haikujadiliwa, wala mkonge wa tambarare. Watu walipinga, upinzani wao ukaipa TANU nguvu milimani, na kabla ya Uhuru mpango ukawa umekufa.

Wataalamu waliandika kwamba wakulima hawakuelewa. Mimi nasema walielewa kuliko wataalamu. Wasambaa wana usemi wao: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kinyume chake, kubana shi, kuiharibu nchi. Katika fikra hiyo rutuba na utawala havitenganishwi. Utawala ukitulia, mvua hunyesha na chakula hupatikana. Wenye nguvu wakigombana au wakidhulumu, nchi huugua. Sisemi kwamba wafalme wa Vuga walikuwa malaika. Usemi huo uliwatumikia wao pia. Lakini angalia swali unalolizaa. Dhana yetu inauliza: watu ni wangapi? Dhana yao inauliza: nani anatawala, na ametawala vipi hata nchi ikaugua? Lipi kati ya maswali hayo ni la kisayansi zaidi? Mtoto wa Mlalo anakuja darasani na swali la pili tayari kinywani mwake, nasi tunamfuta kinywa ili tumfundishe la kwanza, tena sekondari kwa Kiingereza.

Najua pingamizi. Ataniambia mwenzangu wa idara: "Dokta, acha siasa. Watu wameongezeka kweli. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu." Ni kweli, wala sikatai. Kiasi kimekua. Lakini wingi peke yake hauleti mmomonyoko. Machakos, nchini Kenya, maofisa wa kikoloni wa miaka ya 1930 walisema ardhi imekwisha. Kufikia mwaka 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ukaonyesha kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua, kwa sababu wakulima walijenga matuta wenyewe, walipanda miti, na walipata soko. Matuta yale yale yaliyokataliwa kwa amri Lushoto yanaweza kukubalika pale mkulima anapojua shamba ni lake na jasho lake halitakwenda bure. Wala sitaki msitu wa Magamba ukatwe. Lushoto hunywa maji ya misitu yake. Ninachotaka ni msitu na mkonge viandikwe katika hesabu, ili atakayesema ardhi haitoshi aseme pia ilikwenda wapi.

Hili si suala la kale. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, katika tafsiri yake ya ardhi ya jumla, inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Isiyotumika kwa macho ya nani? Shamba lililopumzishwa halitumiki? Malisho ya kiangazi hayatumiki? Kutoka amri ya 1895 hadi kifungu cha 1999 ni zaidi ya karne moja, na ni dhana ile ile ya ardhi tupu, sasa imevaa bendera yetu.

Nani atakayeitafsiri kijijini? Wanafunzi wangu. Watakuwa maofisa mipango, wapima ardhi, washauri wa miradi. Watasimama mbele ya mkutano wa kijiji na daftari lile lile la Irente, na neno "wahamishwe" halitakuwa zoezi tena. Litakuwa na mhuri.

Kwa hiyo nimebadilisha mtihani wangu. Mwanafunzi akiandika kwamba mahali fulani pana msongamano, hapati alama mpaka ataje vyote vilivyoondolewa kwenye asili ya sehemu hiyo, viliondolewa mwaka gani, na kwa amri ya nani. Wengine wamelalamika kwamba hayo ni maswali ya historia. Nimewajibu kwamba katika Kiswahili asili ni namba iliyo chini ya mstari, na pia ni chimbuko la jambo. Waliotupa neno hilo moja kwa maana zote mbili walikwisha kutufundisha jiografia.