Nauli ya Gunia Alipe Nani?

Tunawaandikia ninyi waamini na viongozi wa vigango, hasa mlioko Kibiti na katika delta ya Rufiji, juu ya jambo ambalo wengi wamelizoea hata hawalioni tena. Mkulima wa korosho au ufuta hana hiari ya kuchagua jinsi ya kulifikisha zao lake sokoni. Ameamriwa alipeleke chama cha msingi, lipimwe, lisafirishwe hadi ghalani, apewe stakabadhi, asubiri mnada. Anayeuza nje ya njia hiyo huitwa mlanguzi, na gunia lake huweza kukamatwa.

Hatusemi kwamba mfumo huu ulibuniwa kwa nia mbaya. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na korosho za Mtwara zikaanza kuuzwa kwa njia hiyo msimu wa 2007/2008. Wenye umri wanaikumbuka kangomba: mchuuzi alikuja na kipimo chake wakati wa njaa, akanunua mikorosho ingali na maua, kwa bei aliyoitaka yeye. Atakayetaka turudi huko tutampinga. Lakini kumtoa mtu mikononi mwa mlanguzi si ruhusa ya kumtwisha mzigo mwingine.

Tazameni safari yenyewe. Mkulima wa Bungu yuko kando ya barabara ya lami. Gunia lake hufika kwa pikipiki. Mwenzake wa Kiongoroni au Maparoni, katikati ya mikoko, pasipo na kituo cha kupimia karibu naye, husubiri maji yajae ndipo chombo kipite. Hulipa nauli ya mashua hadi Nyamisati, humlipa mpagazi, kisha hutafuta gari. Wimbi likiingia chomboni korosho hulowa, na korosho iliyolowa haihesabiwi daraja la kwanza. Hasara hiyo ni yake peke yake. Aliyeiamuru njia hachangii hata senti ya nauli.

Msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilihamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi hutaja bei akiwa ofisini mwake, popote alipo. Tunalipokea hilo kwa furaha, maana bei inaonekana na wote. Lakini tofauti iliyoje! Kwa mnunuzi umbali umefutwa. Kwa muuzaji umebaki vile vile, pamoja na kupwa na kujaa kwake.

Na njia moja ikiziba, aliyelazimishwa kuipita hana pa kukimbilia. Mwaka 2018 wakulima waliikataa bei ya mnada, Serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri. Ila wako waliosubiri fedha zao miezi mingi, watoto wakidaiwa mahitaji ya shule.

Kwa hiyo tunadai kwamba anayeamuru njia aigharimie. Mizani iwekwe katika kila kisiwa kinacholima, na zao likishapimwa hapo, nauli na hatari ya maji viwe juu ya mfumo, si juu ya mkulima. Mwenye kilo chache asizoweza kuzisafirisha aruhusiwe kumuuzia mnunuzi mwenye leseni, kwa mizani halali, mbele ya serikali ya kijiji.

Wengi wenu ni wanachama wa vyama hivi. Katika mkutano mkuu ujao msikae kimya: ulizeni usafirishaji wa msimu uliopita ulikatwa shilingi ngapi kwa kilo, nani aliyepanga kiasi hicho, na hati zake ziko wapi.