MTO UNA NJIA YAKE, NA MTU JE?

Nashika kalamu hii nikiwa na donge rohoni, hivyo mniwie radhi nikitumia maneno makali.

Jina Nairobi limetokana na Kimaasai, Enkare Nyirobi, yaani maji baridi. Siku hizi ukisimama darajani kule Mathare, utaziba pua kabla hujayaona hayo maji!

Mnakumbuka mvua ya mwaka 2024? Nilikuwa Kidato cha Kwanza, likizoni kwa shangazi yangu, mita chache tu kutoka mtoni. Niliamka usiku wa manane godoro limelowa chepechepe, vitabu vyangu vinaelea kama mashua. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, zikafunguliwa 13 Mei. Wengine walishangilia likizo ndefu. Mimi nilikuwa naanika vitabu juu ya mabati, na jua lenyewe halipo.

Maji yalipopungua, tingatinga likaja. Serikali ilikuwa imeamuru wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Hapo sibishi hata kidogo. Mto una njia yake, na ardhi tuliyoifunika kwa saruji kila mahali hainywi maji, yote hukimbilia bondeni. Lakini mtu aende wapi? Zilitangazwa shilingi 10,000 za kuwasaidia waliobomolewa. Jamani, toa kodi, toa amana ya nyumba, toa mkokoteni wa kubeba vitu, kinabaki nini? Shangazi alihamia bondeni kwingine, maana huko ndiko kodi aliyoiweza. Yaani katolewa mtoni akapelekwa mtoni!

Kaunti ya Nairobi ina mpango wake wa kukabiliana na mabadiliko ya hali ya hewa, wa mwaka 2020 hadi 2050. Ni jambo jema. Ila mimi naona mpango wowote unaoanza na tingatinga umeanza kichwa chini miguu juu. Tazameni Mukuru. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza kuwa eneo hilo lipangwe upya, na wakazi wenyewe wakashirikishwa kusema wapi papite barabara, wapi mtaro. Baadaye barabara kadhaa zilijengwa pamoja na mitaro yake. Kazi haijaisha, na Mukuru nako palifurika na kubomolewa mwaka 2024, lakini angalau watu waliulizwa.

Najua kuna mwenzangu atakayesema, "Si ninyi wenyewe mnaoziba mitaro kwa taka?" Kweli, ndugu yangu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, chupa zikabaki, na mimi mwenyewe nimewahi kurusha moja mtaroni (mwalimu wa zamu asisome hapa). Lakini lori la taka litapitaje pasipo na njia? Hata baiskeli hupita kwa shida.

Basi ombi langu kwa wakubwa wa jiji ni moja: kabla ya tingatinga kuwashwa tena, tuonyesheni kwanza kiwanja, kodi yake na basi la kufika huko. Shangazi hajaonyeshwa. Kila mawingu yakitanda, hupandisha godoro juu ya meza, kisha huketi mlangoni na tochi.